Sukari Inakaa Wapi

Wateja walimwita Redio, naye aliitika. Saluni yake ilikuwa na kioo kimoja kikubwa, benchi la kungojea na draya mbili za kukaushia nywele: moja ilifanya kazi, nyingine ilipiga kelele tu. Ukitaka kujua nani kahamia mtaa wa juu, au nani kafukuzwa kazi na bado kila asubuhi anavaa tai na kutoka, ulikwenda pale, ukainamisha kichwa, ukasikiliza.

"Mimi sisengenyi," alipenda kusema, chanuo limebanwa kwenye meno. "Kusengenya ni kutia chumvi. Mimi habari naikuta imeshatiwa."

Mume wake alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno ya kuhesabika. Alikuwa amemsikiliza mkewe tangu siku ya harusi kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya bati: haimsumbui, na ikikatika ghafla ndipo anazinduka. Walikuwa na mabinti wawili, wote wameolewa mbali, na wote, kwa maneno ya mama yao, walikuwa wanapiga simu kama wanaolipia pumzi.

Mambo ya vitabu aliletewa na wifi yake, dada wa fundi friji, mwalimu wa sekondari asiyeweza kupita mbele ya bango la matangazo bila kulisahihisha.

"Wifi, njoo Jumamosi kwenye mjadala wetu," alimwambia siku moja, huku akisukwa. "Waandishi wanakutana na wasomaji. Tunazungumza vitabu na mabadiliko."

"Mabadiliko ya nini?"

"Ya jamii."

"Viti vipo?"

"Vipo."

"Vya aina gani?"

Wifi alimtazama kwenye kioo. "Vya sponji."

"Nitakuja," alisema Redio. Ukisimama wiki nzima nyuma ya vichwa vya watu, jamii inaweza kubadilika kwa namna yoyote ile ipendavyo. Wewe unataka kukaa.

Mikutano ilifanyika ukumbi wa maktaba, juu ya ofisi za posta. Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu wa mahakama, kipara kinang'aa, mwenye kengele ndogo ya shaba ambayo aliipiga kila mchangiaji alipozidisha muda. Neno "mjadala" alilitamka taratibu, kama mtu anayefungua zawadi. Kila mwezi mwandishi mmoja alialikwa, akasoma kurasa kadhaa, kisha watu wakauliza maswali. Kwa kawaida maswali yalikuwa marefu kuliko majibu, na mengine hayakuwa maswali.

Redio alikwenda mara ya kwanza akasinzia kwa raha zake. Mara ya pili akasikiliza. Mara ya tatu akaazima kitabu, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika karibu kila siku mchana na saluni bila umeme ni chumba tu chenye wanawake wenye nywele mbichi. Akagundua kwamba anapenda kusoma. Lakini alisoma kwa namna yake: alianzia ukurasa wa mwisho.

"Siwezi kuhangaika na mtu kurasa mia tatu halafu afe," alimweleza wifi yake. "Kama anakufa nijue mapema, nisimzoee."

Haikuchukua muda akaanza kuchangia. Alikuja mshairi mmoja mwenye shairi refu kuhusu mto unaolia. Watu wazima walitikisa vichwa kwa huzuni. Redio alinyoosha mkono.

"Huu mto umesema unalia mara nyingi sana," alisema. "Lakini hujatuambia kafiwa na nani."

Mshairi akasema atalifikiria. Alipoteremka ngazi kwenda zake bado alikuwa analifikiria. Mwenyekiti alipiga kengele ingawa hakuna aliyekuwa anasema.

Basi ndipo kilipofika kile kitabu. Kiliitwa *Jiko Lenye Milango Miwili*. Kilimhusu mume mmoja ambaye mkewe anaugua muda mrefu, na yeye, ambaye tangu azaliwe hajawahi hata kuchemsha yai, anaanza kuingia jikoni. Anaunguza, anamwaga, anakata kidole. Polepole anamwona mkewe, yaani anamwona kweli, kupitia vitu alivyokuwa akivishika kila siku: mwiko uliopinda, kitambaa cha kushikia sufuria, kile kiti kifupi cha kukalia. Redio alisoma ukurasa wa mwisho kama kawaida yake, akakuta mume amesimama anaonja mchuzi na mke anacheka mlangoni. Hakuna maiti. Akarudi mwanzo, akasoma chote.

Alilia. Alilia katikati ya kazi, kitabu kimeegemezwa kwenye kopo la mafuta, dawa ya kulainisha nywele iko kichwani mwa mteja.

"Dada, inaunguza!" mteja alilalamika.

"Subiri kidogo," Redio alisema, anafuta macho kwa kiwiko. "Anaosha vyombo."

Kuanzia hapo alikipigia debe kitabu kile kuliko alivyowahi kutangaza habari yoyote. Kila aliyekaa kwenye kiti alisimuliwa. Miongoni mwao alikuwamo muuguzi wa zahanati ya pale jirani, mwanamke wa makamo, mpole, aliyekuja kila baada ya wiki mbili. Muuguzi yule hakuwa msemaji. Alianza kusema pale tu vidole vya Redio vilipofika kisogoni, kana kwamba ndiko kulikokuwa na kitufe, na aliyoyasema yalimhusu baba watoto wake. Kwamba humwita kutoka chumba kingine aje amsogezee rimoti iliyo karibu na goti lake. Kwamba shati likikosa kifungo hulileta hadi zahanati. Na kwamba mwaka ule yeye mwenyewe alipovunjika mguu, akalazwa kitandani na plasta mpaka gotini, baba watoto alimletea kitandani ubao, kisu na vitunguu, akamwambia kwa upole kabisa, "Nimekuletea hapahapa ili usihangaike kunyanyuka."

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, macho kafumba. Redio hakucheka. Alisema tu "Pole, mama," na akaendelea kusuka.

"Soma hiki," alimwambia muuguzi, akimwonyesha kitabu. "Ukisome, kisha umwekee baba watoto chini ya mto."

Muuguzi alikitazama. "Nimeshakisoma."

"Kizuri?"

"Kizuri sana," alijibu, na hakusema kitu kingine mpaka alipolipa na kuondoka.

Redio hakuweka hilo moyoni. Alijua kuwa mume wa muuguzi anashinda ofisini na makaratasi, basi. Watu wengi wanashinda na makaratasi.

Ilipotangazwa kwamba mwandishi wa kitabu kile anakuja kwenye mjadala, Redio alifunga saluni mapema, akavaa gauni la bluu alilovaa kwenye harusi ya binti wa pili, akakaa safu ya tatu na wifi yake. Mwandishi aliingia. Mtu mrefu, koti la kijivu, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, na ile sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nyuma yake aliingia mwanamke amebeba mkoba wake wa vitabu, chupa yake ya maji, na mwavuli wake. Akavipanga mezani, akafungua chupa, akaisogeza upande wa mkono wa kulia wa mwandishi, kisha akaenda kukaa safu ya mbele.

Redio alikitambua kisogo kabla ya uso. Zile nywele alizisuka yeye, Alhamisi.

"Yallah," alisema.

"Nini?" wifi alinong'ona.

"Ni yeye. Mwenye rimoti."

"Rimoti gani?"

"Kaa kimya, wifi, niache nikae kimya."

Na alijaribu. Ni haki kusema kwamba alijaribu. Mwandishi alisoma ule ukurasa wa mume kuosha vyombo, akausoma vizuri, na Redio alihisi machozi yanataka kuja na hasira inayarudisha. Mwenyekiti akafungua mjadala: je, vitabu vinaweza kubadilisha watu? Mwalimu mmoja akasema vinaweza. Bwana mmoja wa bima akasema haviwezi, akatumia muda wake wote na wa jirani yake. Kisha mwandishi akashusha miwani.

"Mimi naamini," alisema, "kwamba mwandishi habadilishi mtu kabla hajajibadilisha yeye. Kitabu hiki kimenibadilisha mimi kwanza. Zamani nilikuwa kama wanaume wengine. Leo hii, ndugu zangu, mimi najipikia chai."

Ukumbi ukapiga makofi. Safu ya mbele, kisogo kilichosukwa Alhamisi kiliinama kidogo.

Redio alikohoa. Wifi yake akamfinya paja. Mdomo huponza kichwa, na paja nalo halikusalimika. Mkono wa Redio ulikuwa umeshapanda juu.

"Nina swali dogo," alisema. "Sukari inakaa wapi?"

Mwandishi alitabasamu. "Samahani?"

"Nyumbani kwako. Unapojipikia chai. Sukari inakaa wapi?"

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini mwenyewe hakuwamo tena. "Sukari," alisema, "kwa kawaida... inakuwa jikoni."

"Jikoni wapi? Kabatini, juu ya friji, kwenye kopo la rangi gani?"

Hapo mwandishi alifanya kosa ambalo halikuwa na dawa. Alimtazama mkewe.

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka bwana wa bima akadondosha miwani. Mwenyekiti alipiga kengele, nayo ikasaidia kuongeza kelele. Redio angekaa hapo, ingekuwa ushindi wa historia. Lakini kicheko cha watu ni kama ulevi. Anayechekesha ndiye wa kwanza kulewa.

"Huyu!" alisema, amesimama sasa, kidole mbele. "Huyu ndiye aliyempelekea mkewe vitunguu kitandani akate, na mguu una plasta! Eti asihangaike kunyanyuka!"

Walicheka zaidi. Walicheka na kupiga mapaja. Na katikati ya kicheko kile muuguzi alinyanyuka, akageuka, akamtazama Redio. Hakuwa na hasira usoni. Uso wake ulikuwa mtupu, kama sahani iliyofutwa. Akapita katikati ya viti, akashuka ngazi, akaacha mkoba, chupa na mwavuli vya mumewe palepale mezani.

Kicheko kilikatika vipande vipande. Redio alikaa. Kiti cha sponji kilitoa pumzi chini yake, na hakuna aliyemtazama.

---

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini wiki zilizofuata Redio alijifunza kwamba unaweza kuyakanyaga kila siku. Muuguzi hakuja siku yake ya kawaida. Hilo alilitegemea. Asilolitegemea ni wengine. Walikuja, ndiyo, kwa sababu nywele hazisusi. Lakini walikaa kwenye kiti wakasema habari za hali ya hewa. Aliyekuwa akimsimulia ugomvi wa mwenye nyumba wake sasa alisema, "Siku hizi jua kali." Aliyekuwa na mkwe mlevi akasema, "Asubuhi kulikuwa na wingu." Saluni ikawa kama chumba cha mtihani. Ile draya ya kelele ndiyo iliyobaki ikiongea.

"Wananiogopa," alimwambia mumewe mezani.

Fundi friji alitafuna, akameza. "Wewe ungekuwa wao ungefanyaje?"

Redio alikosa la kusema, jambo ambalo liliwatisha wote wawili.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe saluni, amevaa suti. Alikosa mahali pa kukaa isipokuwa kiti cha wateja, kwa hiyo alikaa hapo, kipara chake kikiangaliana na kioo, wanawake wa kwenye benchi wameziba midomo kwa mikono.

"Nikusaidie nini, mzee?" Redio alimuuliza. "Maana hapo kazi naona imeshamalizwa."

"Nimetumwa," alisema Mwenyekiti kwa heshima. "Kamati inaona ni vyema upumzike kidogo kwenye mijadala."

"Nipumzike, na mimi sijachoka?"

"Sisi tumechoka, ndugu mchangiaji."

Angekuwa na lake la kumjibu siku nyingine. Siku hiyo alimsindikiza hadi mlangoni.

Kesho yake aliifunga saluni saa za asubuhi, akaenda zahanati, akapanga foleni mlango wa vidonda na sindano kama mgonjwa mwingine. Zamu yake ilipofika aliingia, akafunga mlango. Muuguzi alikuwa anapanga bandeji. Sare yake ya kazi, ambayo wauguzi wote pale huvaa nyeupe, ilikuwa na rangi ya waridi iliyopauka, kama ufizi.

"Kaa," alisema bila kugeuka. "Unaumwa nini?"

"Mdomo."

Muuguzi aligeuka. Hakucheka. "Hapa ni vidonda. Mdomo ni chumba cha mbele, kwa daktari wa meno."

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Weka mkono hapa." Alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo kuliko inavyohitajika. Hewa ikatoka taratibu. "Presha iko juu."

"Itakosaje?"

Muuguzi alikifungua kitambaa, akakikunja polepole. "Unajua kilichoniuma?" alisema. "Si kwamba ulisema. Vitunguu ni kweli. Kilichoniuma ni watu kucheka. Mimi nilipokuhadithia nilikuwa sichekeshi. Nawe wakati ule hukucheka. Ndiyo maana nilikuhadithia wewe. Sikuuhadithia ukumbi."

Redio aliyekuwa ameandaa hotuba njia nzima aliiona inayeyuka. Angesema kwamba alifanya vile kwa ajili yake, kumtetea, na hata yeye alijua kwamba si kweli. Alifanya kwa sababu watu walikuwa wanacheka na alitaka waendelee.

"Ni kosa langu," alisema. "Sina kisingizio. Nisamehe."

"Siwezi leo."

"Sawa, mama."

Alinyanyuka kwenda. Alipofika mlangoni muuguzi alisema, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito tangu asubuhi na hajapata pa kukitua, "Na sasa ameingia jikoni."

"Nani?"

"Nani mwingine? Tangu siku ile. Alinuna kwanza, hakusema na mtu, kisha Jumatatu nikamkuta amevaa aproni yangu. Kila kitu ananiuliza. Hiki kinakaa wapi, kile kinawashwaje. Ananipigia simu nikiwa nachoma watu sindano! Ameunguza sufuria aliyonipa marehemu mama. Juzi akafua, akatia sare zangu pamoja na pazia jekundu." Alivuta ubavu wa ile sare. "Wagonjwa wananiuliza kama nimehamishwa idara. Nikirudi nyumbani nataka kukaa jikoni peke yangu, niwaze yangu, namkuta yumo, anakuna kichwa. Wewe mwanamke, mrudishe alivyokuwa!"

Redio aling'ata mdomo wa chini kwa nguvu zake zote. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kusuka vichwa vya harusi nzima. Lakini hakucheka, na muuguzi aliona kwamba hakucheka.

"Nywele nitasukwa kwingine," alisema muuguzi, amerudi kwenye bandeji zake. "Kuna mmoja kule nyuma ya soko. Anasuka vibaya, lakini hasikii vizuri."

---

Mwandishi mwenyewe ndiye aliyeomba arudi kwenye mjadala. Kamati ilishangaa, kwa sababu walidhani hatakanyaga tena ukumbi ule mpaka kufa. Mwenyekiti alipita saluni kumwambia Redio kwamba anaweza kuja, ila kama msikilizaji.

"Msikilizaji maana yake nini?"

"Maana yake ni hiyohiyo."

Alikwenda akakaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono ameikalia. Ukumbi ulijaa, maana habari njema huenda kwa miguu, ya aibu hupanda gari. Mwandishi aliingia amebeba mkoba wake mwenyewe. Kwenye kidole gumba alikuwa na plasta. Mkewe aliingia baadaye, peke yake, akakaa mwisho wa safu.

"Nilisema hapa kwamba kitabu kimenibadilisha," mwandishi alianza, na ile sauti nzuri ilikuwa imepungua kidogo. "Nilisema uongo. Lakini nataka mjue kwamba nilipokuwa nasema sikujua ni uongo. Nilikaa miaka mitatu nikimwandika yule mume. Nilipomaliza niliona kama nimefanya mimi. Nilidhani kuliandika jambo ni kulitenda."

Mtu mnene wa safu ya katikati, dereva wa malori, akasimama bila kungojea kuruhusiwa.

"Ngoja kwanza, mzee. Mimi kitabu chako nilikisoma safarini, nimelala chini ya lori nikingoja spea. Niliporudi nyumbani nikaanza kuosha vyombo. Nimeosha mpaka leo. Mama mkwe wangu amenicheka, wenzangu wananiita shemeji wa sinki." Alimnyooshea mwandishi kidole. "Sasa unaniambia nimeosha vyombo muda wote huo kwa ajili ya mtu ambaye mwenyewe haoshi?"

Kicheko kikaanza, lakini dereva hakuwa anatania. Uso ulikuwa umemvimba kwa uchungu. Mwenyekiti alishika kengele, akasita, hakujua ampigie nani.

"Naomba kusema," alisema muuguzi.

Alisimama palepale alipokaa. Hakwenda mbele.

"Wewe kaka hukudanganywa," alimwambia dereva. "Wewe ulikisoma. Yeye alikiandika tu."

Dereva alifikiri, akakaa chini taratibu.

"Tangu kitabu kitoke," muuguzi aliendelea, "wanawake kazini wananiambia nina bahati. Wananiomba nimlete azungumze na waume zao. Mimi nacheka nao. Ningesema nini? Nimeishi na mtu anayesifiwa kwa kitu asichokifanya, na anayemsifu zaidi nilikuwa mimi, kwa sababu ya aibu." Alimgeukia mumewe. "Lakini msikitupe kitabu. Nimesikia watu wanasema warudishiwe pesa. Mimi nakisoma kila nikikasirika naye. Nakisoma ili nijue kwamba anajua. Mtu asiyejua unamwonea huruma. Huyu anajua. Mwiko wangu uliopinda ameuandika kurasa mbili. Aliuona. Nilikuwa nadhani hauoni."

Mwandishi alikuwa ameinamisha kichwa, anakichezea kile kidole chenye plasta.

"Na sasa anapika," bwana wa bima alidakia kwa furaha. "Kwa hiyo kitabu kimefanya kazi!"

"Anapika," alisema muuguzi. "Ninyi mlipiga makofi. Njooni basi mle."

Hapo walicheka wote, na safari hii muuguzi alicheka nao, kwa sababu kicheko kilikuwa chake. Alikitoa yeye mwenyewe, kwa wakati alioutaka. Redio kule nyuma aliiona tofauti yake, kama anavyoona msuko uliofungwa na mwenyewe na uliofungwa na mwingine.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna mchango wa mwisho, vichwa vyote viligeuka safu ya nyuma. Redio alihisi maneno matatu mazuri sana yamepanga foleni ulimini. Moja lilikuwa bora kuliko lile la mto.

"Sina," alisema.

Wifi yake alimgusa paji la uso kuangalia kama ana homa.

Walipokuwa wanashuka ngazi mwandishi alimfikia. "Wewe umenivunjia heshima mbele ya watu," alimwambia.

"Ndiyo."

"Na sijakusamehe."

"Hata mkeo hajanisamehe. Mko wengi."

Mwandishi alisimama kidogo, kana kwamba anatafuta neno kali zaidi na halipati, naye ndiye aliyeishi kwa maneno. Kisha akaondoka, mwavuli kwapani.

---

Muuguzi alirudi saluni msimu wa baridi, baada ya yule msusi wa nyuma ya soko kumchoma sikio kwa pasi ya nywele, pengine kwa kuwa alipiga kelele na hakusikika. Alikaa kwenye kiti, akasema jua siku hizi limepungua makali. Redio akakubali kwamba limepungua. Mara ya pili wakazungumza mawingu. Mara kadhaa zilizofuata walikaa kimya tu, mikono ikifanya kazi, na kimya kile hakikuwa kibaya.

Hata ikafika siku moja, vidole vikiwa kisogoni, muuguzi alifumba macho akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, na benchini hakukuwa na mtu. Safari hii halikuwa jambo la sufuria wala sare. Redio alisikiliza mpaka mwisho. Mara moja alilazimika kuacha kusuka ili ajifute pua.

Jioni ile fundi friji alimwona mkewe ameduwaa mbele ya sahani.

"Yule muuguzi karudi?" aliuliza.

"Karudi."

"Kasema nini?"

"Kasema amechoka."

Alingoja. Hakikufuata kitu. "Hilo tu?"

"Hilo tu."

Fundi friji aliweka kijiko chini. Alimtazama mwanamke yule kama anavyotazama friji iliyoacha kuunguruma, isiyojulikana kama imepona au imekufa.

"Mimi nilioa nyumba yenye habari," alisema kwa uchungu, akanyanyuka mezani. Alimnunia siku kadhaa, ingawa kwa mtu kama yeye ilikuwa vigumu kuona tofauti.